Elfu Nne, Hakirudishwi

Nimekiuza kisu hiki miaka sita, mnadani Msalato,
kila Jumamosi, juu ya turubai la bluu
lililobanwa na mawe matatu na betri ya pikipiki iliyokufa.
Kisu cha kukunja, mpini mwekundu, nyota ubavuni.
Elfu nne. Ukinipa elfu tatu na mia tano
natazama pembeni, halafu napokea.

Wanaokipenda hawaji kuniambia.
Nawaona tu kwa mbali:
Chidawali amechuchumaa penye mbavu za mbuzi,
anakifungua kwa gumba, mkono mmoja,
ule mwingine umeshika chumvi na pilipili kwenye kipande cha gazeti.
Kidole kimoja hakivunji chawa, sawa,
lakini gumba moja linafungua kisu,
na mwenye kisu kikali...
mnayajua yaliyobaki.

Wanaokichukia ndio huja. Mapema, kabla sijatandika.

Sechelela wa Hombolo:
"Maji ya zabibu yamekila! Msimu mmoja tu!
Tazama madoa haya, kama mtoto mwenye surua."
Namuuliza, mama, huwa unakiosha?
"Nikioshe kwa maji yapi?"
Nanyamaza. Bei ya ndoo kule kwao naijua.

Nhonya, utingo wa malori ya mahindi, Kibaigwa:
loki haishiki.
Alikuwa anakata kamba ya gunia
kikajikunja chenyewe, kikakikuta kidole cha shahada.
Ananionyesha kovu kwa fahari kidogo,
kama mtu anayetoa picha ya mwanawe wa kwanza.
"Kisu gani hiki kinamgeuka mwenyewe?"
Kisha ananunua kingine.

Mwalimu Mbeho wa Bahi amechaniwa suruali mbili na klipu.
Ncha anaisifu: nyembamba, inachonga penseli
za darasa la pili hadi zinakuwa sindano.
Kinachomkera ni kwamba darasa la pili nalo linakipenda.

Na Isere, mstaafu wa reli,
huja kila mwezi kuniambia ni kidogo.
Kisu kijaze kiganja, anasema.
Anakikunjua, anakikunja, anausikiliza ule mlio,
ta,
anakirudisha turubaini.
Hajawahi kununua.

Mimi nalilaumu vumbi.
Upepo wa Julai ukishuka kutoka milima ya Chenene
hauombi ruhusa: unaingia kwenye chai, kwenye kope,
unaingia kwenye bawaba,
na kisu kikifunguliwa kinasaga meno.

Jumamosi iliyopita Sechelela alirudi.
Nikasema leo nakupa kipya, hasara yangu.
(Hakirudishwi, nimeandika mwenyewe kwenye boksi,
kwa mkaa, herufi kubwa.)
Nikakishika kile chakavu, nikachokonoa kwa mwiba.
Kukatoka udongo mwekundu,
ganda la zabibu lililokauka kama bawa la mende,
uzi wa khanga,
punje moja ya mtama.
Nikadondosha mafuta ya alizeti, tone, tone la pili.
Nikakinoa juu ya jiwe mpaka Nhonya akasema inatosha.
Kikafunguka bila neno.

Akakipima kile cha zamani kwa mkono wa kushoto,
kipya kwa mkono wa kulia.
Muda mrefu. Ng'ombe watatu wakauzwa wakati huo.
Halafu akavifunga vyote viwili kwenye pindo la khanga
akaenda zake,
na mimi ulimi ukanikauka, sikudai.

Mniulize changu kiko wapi.
Sina. Kila ninachokitia mfukoni,
jua halijazama kimeshapata mteja.
Mbavu zangu hunikatia Chidawali
kwa kisu nilichomuuzia mwenyewe,
na kila akifika kwenye kiungo
hukiinua juu, hukitazama, hunitazama,
anasema:
"Hiki kisu chako, bwana. Kwenye mfupa, bure kabisa."